Nyumba ya Misumari

Baba mkwe wangu ni fundi wa nyumba za kufungua. Nikiwaambia wageni hivyo huniangalia kama mtu aliyekosea maneno, kwa hiyo huwa naanza na mto. Bila mto ule, mzee angekuwa anachonga vitanda na makabati kama mafundi wengine, na mimi nisingekuwa na cha kusimulia.

Tunaishi pale milima inapoishia. Mto wetu unateremka kutoka juu kwa kasi, umebeba mawe, kokoto na mchanga. Ukifika kwetu ardhi inakuwa tambarare, mbio zinauishia, na mzigo wote unautua hapo hapo mlangoni petu. Kila msimu wa mvua unaongeza tabaka jingine. Sakafu yake inapanda mwaka hadi mwaka, mpaka unafika wakati umeinama shambani kwako unapalilia na maji ya mto yanapita juu kuliko kichwa chako, yameshikwa na ukingo wa kokoto tu. Hapo ndipo mto unapoichoka njia yake. Mvua ikizidi unapasua ukingo, unashika bonde lililo chini zaidi, na watu waliokuwa na mto mbele ya nyumba wanajikuta nao uko uani. Njia ya zamani inabaki mawe matupu, mbuzi wanapita. Na ukishaijaza na hiyo mpya, unaweza kurudi kule kule kwa zamani bila hata kupiga hodi.

Watu wenye akili wangehama, utasema. Lakini udongo ule ule unaoletwa na mto ni mweusi na laini, ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya unavuna. Hakuna aliyehama. Tulichofanya ni kuzihamisha nyumba.

Nyumba zetu ni za mbao, zimeshikwa kwa bolti na nati. Hazina msingi, zinakaa juu ya mawe makubwa. Kila ubao una alama ya rangi upande wa ndani, ili ukifunguliwa ijulikane unarudi wapi. Mto ukianza kugeuka, watu huja na spana zao, wanaanza na mabati, wanashuka kwenye kenchi, kisha kuta, na jua likizama nyumba nzima imelala juu ya lori ikisubiri kiwanja kingine. Kila familia ina spana yake, imetundikwa nyuma ya mlango. Jirani naye hupimwa hapo hapo: siku ya mafuriko alikuja na spana, au alikuja na pole?

Mlango hung'olewa mwisho kabisa. Kuta zote zikishaondoka, fremu inabaki imesimama peke yake uwanjani, na mama mwenye nyumba hupita mlangoni, akaufunga nyuma yake kwa ufunguo, ndipo nao uguswe. Kwetu mtu hatoki nyumbani kwake kwa kupitia ukutani. Nilipoyaona hayo mara ya kwanza, mimi mke mgeni kutoka mjini, nilicheka mpaka mume wangu akanifinya.

Mambo yote hayo aliyaanzisha baba mkwe, na ndiyo maana anaitwa Mzee Spana. Hakuyaanzisha kwa ujanja, aliyaanzisha kwa uchungu. Alipooa alimjengea mkewe nyumba ya misumari mirefu, imara, kwa sababu alikuwa kijana na alitaka watu waone. Mto ulikuja mchana kweupe, tena polepole. Wangeokoa kila kitu kama nyumba ingekubali kuachia. Haikukubali. Alipiga nyundo, akaja na mtaimbo, mbao zikampasukia mikononi. Mwishowe walisimama barabarani, mama mkwe ana mume wangu tumboni na sufuria moja mkononi, wakaitazama nyumba yao inajigeuza taratibu, kisha inaondoka nzima nzima na kitanda chao cha harusi ndani.

Tangu siku hiyo hajapiga msumari kwenye nyumba ya mtu yeyote. Na akapata ugonjwa mwingine ambao hakuna daktari anayeujua: hawezi kulala katika nyumba isiyofunguka mvua ikinyesha. Nilipoolewa, familia yake ilikuja kwetu mjini, na usiku huo mvua ikanyesha. Nyumba ya wazazi wangu ni ya matofali na zege, na baba yangu alikuwa amempa mkwewe chumba kizuri kuliko vyote. Asubuhi tulimkuta ameketi kwenye ukingo wa kitanda, amevaa viatu na koti, vifungo vyote vimefungwa, kofia magotini. Mama yangu alidhani tumemuudhi.

"Hapana, mama," alimwambia kwa heshima zote. "Nyumba ni nzuri sana. Haina bolti tu."

Nilimpenda yule mzee kuanzia asubuhi ile, nasema wazi.

Mkewe tunamwita Bi Harusi. Watu wazima, watoto, muuza duka, wote wanamwita hivyo, kwa sababu Mzee Spana hajawahi kumwita jina jingine. Bi Harusi ana wajukuu, ana mvi, ana magoti mabovu, na bado ni Bi Harusi. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini hayo machache yanatosha. Alimfuata mumewe katika kila kiwanja ambako mto uliwatupa, na katika kila nyumba waliyojenga alisimama upande wa pili wa ubao, ameshika nati, huku mzee anakaza bolti. Ukuta kati yao, kila mmoja na spana yake. Mume wangu anasema hivyo ndivyo walivyozungumza ujana wao wote.

Nyumba za bolti zina kasoro moja, nayo ni kelele. Mbao zinavimba kwa unyevu na kusinyaa kwa jua, bolti zinasuguana na matundu yake, na upepo ukipita nyumba nzima inalia kwi, kwi, kwi. Mimi niliizoea. Bi Harusi hakuizoea kamwe.

"Tangu usichana wangu nimelala ndani ya kiti kibovu," aliniambia siku moja tukikunja nguo. "Mtu akijigeuza chumbani, aliye jikoni anajua."

Siku ya kuhama ambayo ninataka kuisimulia kwanza, magoti yake yalikuwa yameshaanza kumkatalia. Aliipita ile fremu ameniegemea mimi, akafunga kwa ufunguo, tukampandisha kwenye lori, tukamkalisha juu ya gunia la nguo. Hapo nikamwona analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na kwa jinsi mzee alivyosimama na ubao begani bila kujua auweke wapi, nadhani naye alikuwa amesahau jinsi inavyokuwa.

"Mzee wangu," akamwambia, "nimekufuata kila mahali, sijakukatalia. Sasa nimechoka kufunguliwa. Nijengee nyumba moja ya misumari, isiyolia. Sitaki tena kuinua macho nione anga mahali palipokuwa na dari yangu."

"Nitakujengea, Bi Harusi."

"Ya misumari?"

"Ya misumari."

"Apa."

Akaapa, mbele ya majirani wote na spana zao. Watu wakatazama chini.

Alichagua kiwanja juu ya kilima kidogo cha kokoto. Mto ulikuwa mbali mbele yake, na nyuma kulikuwa na bonde la mawe makavu ambalo mto uliliacha enzi za babu yake. Akampeleka Bi Harusi kwa dada yake mpaka nyumba iishe, akisema vumbi la mbao litamharibia kifua. Vumbi la mbao! Mwanamke aliyepumua vumbi la mbao kuliko hewa. Nikajua kuna jambo.

Siku moja nikampelekea chakula. Nilimkuta amekaa chini na mkasi, anakata mipira ya ndani ya tairi za baiskeli kuwa vipete vidogo vidogo. Aliponiona alishtuka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Mwanangu, ingia, funga mlango."

"Baba, mlango bado hujaupachika."

Akaangalia, akaona kweli, akacheka kidogo kisha akaacha kucheka. Pembeni yake kulikuwa na boksi la misumari mipya na ndoo ya bolti.

"Nilijaribu," akasema. "Nilishika msumari wa kwanza, nikainua nyundo. Mkono ukakataa. Nikajaribu na kesho yake. Nikiupiga huu msumari, mwanangu, namwona amesimama barabarani na sufuria."

Basi akanionyesha alichokuwa anafanya. Kila bolti aliivika kipete cha mpira ili isisuguane na ubao, nyumba isilie. Kichwa cha bolti, na nati yake upande wa nje, alivizamisha ndani ya mbao, akaziba tundu kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi, akalainisha kwa msasa, na juu yake akapachika kichwa cha msumari alichokikata kwa koleo. Vichwa vya misumari vimejipanga mstari, vimenyooka, vinang'aa. Sijaona kazi safi kama ile.

"Misumari ipo," akasema. "Sikumdanganya kabisa."

"Umemdanganya kabisa, Baba."

"Kidogo."

"Kabisa!"

"Haya, kabisa. Nisaidie kupaka rangi."

Nikapaka rangi. Ningefanya nini?

Bi Harusi alipoletwa, hakukaa kwanza wala hakuomba maji. Alipita ukuta kwa ukuta, akigusa vile vichwa vya misumari kwa ncha ya kidole, kimoja baada ya kingine. Mzee Spana alikuwa ameona jambo la maana sana kwenye dari.

"Umepiga vizuri," akasema Bi Harusi. "Mstari umenyooka."

Ile spana iliyokuwa ikitundikwa nyuma ya mlango hakuitundika tena. Mahali pake aliweka kioo, na mtoto wa mtu akinyoosha kichwa kuchungulia alikuwa anamwambia kwa majivuno kwamba hii ni nyumba ya kudumu. Alitafuta kabati la vioo. Akapanga vikombe vya udongo, yeye aliyetumia vya bati maisha yake yote kwa sababu vya bati havivunjiki njiani. Upepo ulipita na nyumba ikanyamaza. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, tukiwa wote ndani, na mzee akajinyoosha kwenye benchi sebuleni akalala fofofo, anakoroma mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Nilikasirika, maana nilikuwa namsimulia mama mkwe jambo na hatusikiani.

"Mama, mwamshe."

"Mwache," akasema. Alikuwa amemkazia macho mumewe, ameacha hata kunywa chai yake.

Jambo moja tu lilinishangaza. Jirani alimpa Bi Harusi mche wa mlimau, naye akauweka kwenye ndoo ya mchanga kando ya ngazi. Nikamuuliza kwa nini asiupande ardhini, kwani si ana nyumba isiyoondoka sasa?

"Bado unazoea mahali," akasema. Ukabaki kwenye ndoo, ukakua humo humo.

Miaka ile ilikuwa mizuri. Mzee aliendelea kufungua na kufunga nyumba za watu, mikono ikaanza kutetemeka kidogo, lakini akirudi kwake jioni alikaa karibu na mkewe bila kusema kitu na mtu angeona kabisa kwamba hakuna anachotaka zaidi. Mimi nilimwonea wivu mama mkwe, mume wangu anajua. Yeye akirudi na lori lake la kokoto kitu cha kwanza anauliza chakula.

Huku mto nao ulikuwa kazini. Ulikuwa unapanga mawe yake kama kawaida, tabaka juu ya tabaka, mpaka mihimili ya daraja ikawa inalowa hata kiangazi. Akaja mhandisi wa maji, dada mmoja kijana na fimbo zake za kupimia, akapima siku nzima, kisha akaitisha mkutano. Alisema sakafu ya mto sasa iko juu kuliko lile bonde kavu nyuma ya kilima cha Mzee Spana, na mvua kubwa ijayo mto utarudi huko. Mzee aliuliza maswali, akajibiwa, akamshukuru. Alirudi nyumbani amekunja uso. Kumbe naye alikuwa ameamini kwamba mto umelisahau lile bonde. Yeye, wa watu wote.

Nikamfuata karakanani kwake. "Baba, mwambie Mama sasa, jua bado linawaka. Tufungue kwa nafasi."

"Kesho."

Kesho yake nikamuuliza, akasema kesho. Mtu mzima, mvi kichwani, anaogopa mkewe kama mtoto aliyevunja chungu! Nikasema naye kwa upole, nikasema naye kwa ukali, akatia pamba masikioni. Na mvua zikaanza.

Asubuhi yenyewe kwetu kulikuwa na jua. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Nilikwenda kwa wakwe zangu na maziwa, nikazunguka uani, na kule chini katikati ya mawe makavu nikaona maji. Membamba, maangavu kama ya bombani. Mtu wa kwetu akiona maji maangavu mahali pakavu hahitaji kuelezwa: mto umeanza kupenya chini ya kokoto. Yakibadilika yakawa ya tope, basi ukingo umeshapasuka huko juu, na kinachofuata ni mto wenyewe.

Nilimpigia mume wangu simu aje na lori. Majirani walikuja wenyewe, mmoja mmoja, kila mtu na spana yake, wakiongozwa na kinyozi wetu ambaye ana mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi. Walifika mbele ya nyumba wakasimama. Wakatazama ile mistari ya vichwa vya misumari, wakazitazama spana zao.

"Mzee Spana," kinyozi akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "hii tunaifunguaje?"

Mzee akasema, "Toeni vyombo. Mtoeni na mama yenu. Nyumba iacheni."

Nilimshika mkono, nikamvuta mpaka nyuma ya nyumba, mimi mkwe wake, na watu wanaona.

"Baba, sema!"

"Niliapa."

"Uliapa misumari ukaweka bolti! Kiapo ulishakivunja. Sasa unalinda nini?"

"Yeye hajui kama nimekivunja." Alikuwa anaangalia maji yale. "Nyumba ikienda atalia, nitamjengea nyingine. Lakini akijua kwamba miaka yote hii, kila alipogusa ukuta wake, aligusa uongo wangu? Hilo nitalijengea nini, mwanangu?"

Nilikuwa na hasira, na huruma pia. Nikafungua mdomo nimwambie basi nitasema mimi, na hapo tukasikia kitu ndani ya nyumba. Kwaru, kwaru, kwaru, kisha kitu kidogo cha chuma kikaanguka sakafuni.

Tulizunguka mbio. Bi Harusi alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa sebule, kisu cha jikoni mkononi, anakwangua. Vichwa vya misumari vilikuwa vimetapakaa miguuni pake, na kwenye ukuta, mahali alipokwangua, vichwa vya bolti vimetokeza, vinene, vya pembe sita. Mapajani alikuwa na ile spana kuukuu ya nyuma ya mlango. Baadaye niliambiwa ilikuwa chini ya godoro muda wote.

Akatuangalia sote tuliojazana mlangoni.

"Mnasubiri maji yaje yaombe ruhusa?" akauliza. "Kinyozi, panda juu, anza na mabati. Wengine shikeni visu, mkwangue. Na wewe mzee wangu, zunguka nje, ukwangue, ushike nati. Peke yangu siwezi."

"Bi Harusi," mzee akaanza.

"Utaniomba radhi tukishapakia."

Akazunguka. Naapa mzee yule alikimbia. Nikamwona kwa nje ameinama kwenye ukuta wake, anahangaika na mikono yake inayotetemeka, na kutoka ndani nikasikia mkewe anamwongoza: "Umeshika? Haya, nazungusha. Umeshika?" Naye anajibu, "Nimeshika." Bolti kwa bolti, ukuta kati yao.

Watu walifanya kazi kufa na kupona. Mabati yalishuka, kenchi zikashuka, vipete vya mpira vikawa vinaruka huku na huku kama viroboto. Lori la mume wangu likaja kinyumenyume mpaka ngazini. Kinyozi, kutoka juu ya boriti, ndiye aliyepiga kelele kwanza: yale maji ya bondeni yamegeuka rangi. Yalikuwa ya kahawia sasa, na povu, na matawi mabichi ya milimani yanapita mbio.

Ilibaki fremu. Ilisimama peke yake juu ya kilima, mlango umefungwa, na pande zote hakuna kitu. Tulitaka kumbeba Bi Harusi, maji yalikuwa yanasikika sasa, mawe yanagongana ndani yake. Akatusukuma. Alitembea kwa yale magoti yake, taratibu, akafungua mlango, na kabla hajavuka kizingiti akainua macho akaangalia anga mahali palipokuwa na dari yake. Mzee Spana alikuwa upande huu amenyoosha mkono, machozi yanamtiririka waziwazi mbele ya watu.

"Leo kuna mawingu," Bi Harusi akasema. Akavuka, akafunga kwa ufunguo, akampa mumewe mkono.

Mto ulikichukua kile kilima mchana ule ule. Tulikuwa barabarani tukautazama. Mara hii Bi Harusi alikuwa na nyumba yake yote nyuma yake kwenye lori, na vikombe vyake vya udongo mapajani, na mlimau kwenye ndoo kati ya miguu. Mzee alianza kuomba radhi hapo barabarani na hakuacha mpaka tulipofika kwetu, na mkewe hakumjibu lolote ila kila baada ya muda alikuwa anampangusa tope usoni kwa ncha ya khanga.

Nyumba imefungwa tena, karibu na barabara, na sasa mto uko upande mwingine kabisa. Walipokuwa wanaifunga, mzee alimuuliza kwa woga kama azifiche bolti.

"Ziache zionekane," Bi Harusi akasema. "Lakini vipete vya mpira rudisha. Hiyo ni kazi nzuri."

Juzi mvua ilinyesha mchana, na mimi nilikuwa kwao tukipepeta maharage sebuleni. Nyumba kimya. Mzee Spana amelala kwenye benchi, mdomo wazi, anakoroma. Nimekaa na swali lile tangu siku ya mafuriko, nikaona nisipouliza leo litaniua.

"Mama, ulijua lini?"

"Mvua ya kwanza."

"Ulisikia bolti zinalia?"

"Sikusikia chochote. Na misumari ilinidanganya vizuri tu, nilifurahi kama mwali."

"Sasa ulijuaje?"

Aliweka ungo chini. Akamwangalia mumewe.

"Ilipoanza kunyesha nilikaa nikasubiri avae viatu," akasema. "Nilishaanza hata kujilaumu, nikasema nimemtaka huyu mtu nyumba ya misumari, sasa hatalala tena mpaka afe. Nasubiri avae viatu, nasubiri. Kumbe kajinyoosha kalala." Akashusha khanga yake mabegani, akamfunika miguu. "Ningemwamsha nimwambie nini?"